Namna ya Kulinganisha Miundo ya Wahusika katika Elden Ring Kabla ya Kumwaga Runi Zako

Maswali ya wanaoanza kucheza Elden Ring hayajabadilika sana tangu mchezo huo wa FromSoftware ulipotoka tarehe 25 Februari 2022. Je, mchawi ni bora kuliko mpiga upanga? Je, silaha za kutoa damu bado zina nguvu? Nimeshaweka pointi nyingi kwenye Dexterity, je, nimemharibu mhusika wangu? Majibu wanayopewa nayo ni yale yale: mtu hutaja silaha anayoipenda na madhara aliyoyapata kwa pigo moja, kisha mgeni huifuata silaha hiyo hadi mwisho wa ramani, na akishaipata hugundua kwamba bado anauawa kwa mapigo mawili.

Mwongozo huu hautakuchagulia muundo, au bildi kama wachezaji wanavyoiita. Utakuonyesha namna ya kuilinganisha miundo miwili au mitatu kwa haki, ili uamuzi wako utokane na yale uliyoyaona mwenyewe kwenye skrini. Kipimo ninachokitumia ni kimoja: muundo unafaa ikiwa unakuruhusu kukosea mara kadhaa na bado ukamaliza pambano. Pigo kubwa lina nafasi yake katika hesabu hiyo, lakini ni sehemu yake tu.

Majina ya sifa za mhusika nimeyaacha kama yanavyoonekana kwenye skrini, kwa kuwa mchezo hauna Kiswahili. Vigor ni uhai. Mind ni akiba ya nguvu za kichawi, yaani FP. Endurance ni pumzi na uwezo wa kubeba mzigo. Strength ni nguvu za mwili. Dexterity ni wepesi wa mkono. Intelligence huendesha uchawi. Faith huendesha dua. Na Arcane huhusika na kutoa damu, sumu, na bahati ya kuokota vitu.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Kwanza, hakikisha mchezo wako umesasishwa. Wapo wanaocheza kwa diski bila kupakua masasisho kwa kuhofia kumaliza bando, na hao hushangaa wanapoona silaha inafanya kazi tofauti na ilivyoelezwa. Sasisho la 1.03 la Machi 2022, kwa mfano, lilipunguza makali ya Hoarfrost Stomp, ya upanga wa Sword of Night and Flame na ya roho ya Mimic Tear, vitu vitatu ambavyo hadi wakati huo vilikuwa vikisifiwa kila mahali. Ushauri wowote ulioandikwa kabla ya hapo uusome kwa tahadhari.

Pili, uwe na nafasi tupu za wahusika. Mchezo unakupa nafasi 10, kwa hiyo unaweza kuanzisha wahusika wawili au watatu wa majaribio bila kumgusa yule unayemtegemea. Ikiwa hutaki kuanza upya, utahitaji Larval Tear moja kwa kila badiliko, na ni lazima uwe umemshinda bosi Rennala katika chuo cha Raya Lucaria, kwa sababu yeye ndiye anayekugawia upya pointi zako. Idadi ya Larval Tear ina kikomo katika mzunguko mmoja wa mchezo, hivyo usizichezee.

Tatu, kusanya Smithing Stone za kutosha kuzipandisha silaha zote za majaribio hadi daraja moja. Nne, daftari na kalamu. Kumbukumbu ya mchezaji aliyekasirika haiaminiki hata kidogo.

Hatua za kufuata

1. Amua unalinganisha kwa hatua gani ya mchezo.

Muundo unaong'aa ukiwa ngazi ya 120 unaweza kuwa mateso matupu ukiwa ngazi ya 30. Katana ya Rivers of Blood ni mfano mzuri: inahitaji Strength 12, Dexterity 18 na Arcane 20, na huipati mpaka ufike Mountaintops of the Giants, ambako unamshinda Okina karibu na Church of Repose. Anayejenga mhusika wake kwa ajili ya silaha hiyo tangu Limgrave, eneo la mwanzo, anacheza zaidi ya nusu ya mchezo akiwa na kitu kingine mkononi. Kwa hiyo chagua kituo, kwa mfano kabla ya kuingia kasri la Stormveil, au kabla ya mji mkuu wa Leyndell, kisha ulinganishe miundo yote kwa kituo hicho hicho.

2. Weka bajeti ya pointi iliyo sawa.

Ngazi ya mhusika ni jumla ya sifa zake zote nane ukitoa 79. Wretch, mmoja wa wahusika wa kuanzia, ana 10 katika kila sifa, jumla yake ni 80, ndiyo maana anaanza ngazi ya 1. Vagabond ana jumla ya 88, na anaanza ngazi ya 9. Ukiifahamu hesabu hii unaweza kupanga mhusika mzima kwenye karatasi kabla ya kutumia runi hata moja, yaani sarafu ya kupandia ngazi.

Tuchukue ngazi ya 50, ambayo jumla yake ni 129, na tupange wahusika watatu. Vagabond ana pointi 41 za kuongeza: Vigor itoke 15 ifike 25, Endurance itoke 11 ifike 18, na Strength itoke 14 ifike 38. Samurai naye ana 41: Vigor itoke 12 ifike 25, Endurance itoke 13 ifike 16, Dexterity itoke 15 ifike 25, na Arcane itoke 8 ifike 23. Astrologer anaanza ngazi ya 6, kwa hiyo ana 44: Vigor itoke 9 ifike 25, Mind itoke 15 ifike 20, na Intelligence itoke 16 ifike 39.

Angalia gharama ya uhai pekee. Wote watatu wamefika Vigor 25, lakini Vagabond amelipa pointi 10, Samurai 13 na Astrologer 16. Tofauti hiyo ndiyo inayomfanya mchawi aonekane mwepesi kufa. Wengi huacha kuilipa, kisha wakaulaumu uchawi.

3. Sawazisha Vigor kwanza, kabla ya kitu kingine chochote.

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayoharibu ulinganisho. Ukiwa na Vigor 25 una uhai wa 800. Ukifika 40 una 1,450. Ukifika 60 una 1,900. Ukijaza hadi 99 unaishia 2,100. Kwa maneno mengine, pointi 15 za kutoka 25 hadi 40 zinakupa uhai wa 650, pointi 20 zinazofuata zinakupa 450, na pointi 39 za mwisho zinakupa 200 tu. Kwa maoni yangu, mchezaji wa kawaida anapaswa kuwa karibu na 25 anapoingia Stormveil, 40 anapoingia Leyndell, na kati ya 50 na 60 anapopanda milimani. Muundo wowote ambao hauwezi kufanya kazi bila kuiba pointi za Vigor uandike kuwa ni muundo wa mzoefu.

Onyo: usidanganywe na Radagon's Soreseal, kidani kinachopatikana Fort Faroth. Kinaongeza pointi 5 katika Vigor, Endurance, Strength na Dexterity, jambo linaloonekana kama zawadi, lakini kinaongeza madhara unayopokea kwa asilimia 15. Mwanzoni kabisa kinaweza kukusaidia kutimiza masharti ya silaha. Ukikisahau shingoni hadi mwisho kinakugharimu. Katika majaribio, kivae kwa wahusika wote au usikivae kabisa.

4. Sawazisha mzigo.

Mzigo ukiwa chini ya asilimia 30 ya uwezo wako, mhusika hubiringika mbali na kwa wepesi. Kuanzia 30 hadi chini ya 70 hubiringika kawaida. Kuanzia 70 hadi 100 huanguka kama gunia la mahindi, na ukipita 100 habiringiki kabisa. Jaribio la upanga mkubwa lililofanywa kwa mzigo wa asilimia 74 halikueleza lolote kuhusu upanga huo. Limeeleza tu kwamba umevaa chuma kingi. Wahusika wote wawe chini ya 70. Vua kofia, badilisha viatu, fanya unaloweza.

5. Sawazisha daraja la silaha.

Silaha za kawaida hupanda hadi +25 kwa Smithing Stone, na silaha maalumu hupanda hadi +10 kwa Somber Smithing Stone. Kwa hiyo daraja moja la silaha maalumu ni sawa na takriban madaraja mawili na nusu ya silaha ya kawaida: +4 upande mmoja ilinganishwe na +10 upande mwingine. Mwanzoni mwa mchezo, kupandisha silaha kunaongeza madhara kuliko kuongeza pointi chache za sifa, na mara nyingi anayesema muundo wake ni dhaifu ana silaha ya +3 katika eneo linalotaka +10. Meza ya kupandishia silaha ya Church of Elleh inaishia +3. Kuanzia hapo nenda kwa mhunzi Hewg katika Roundtable Hold.

Mchawi naye ana silaha, yaani fimbo. Meteorite Staff, inayopatikana Street of Sages Ruins katika kinamasi cha Aeonia huko Caelid, inataka Intelligence 18 na haipandishwi daraja, lakini inatumia Intelligence kwa daraja la S, yaani la juu kabisa, tangu siku ya kwanza. Astrologer anahitaji pointi 2 tu kuitumia. Ukimjaribu mchawi kwa fimbo aliyoanza nayo, na mpiga upanga kwa silaha ya +10, umeshaamua matokeo kabla ya jaribio.

6. Hakikisha sifa unazoongeza zinaigusa silaha uliyonayo.

Fungua maelezo ya silaha na usome herufi zilizo mbele ya kila sifa, zinazoonyesha jinsi sifa hiyo inavyoiongezea silaha nguvu. Hapa wengi huanguka. Uchigatana anayoanza nayo Samurai hutoa damu, na mgeni husikia kwamba Arcane huongeza kasi ya kutoa damu, basi huijaza Arcane. Lakini Uchigatana ya kawaida haina herufi yoyote kwenye Arcane, kwa hiyo pointi hizo hazimpi chochote. Ni lazima kwanza aibadilishe iwe ya aina ya Blood, kwa mfano kwa Ash of War (kitu kinachoipa silaha mbinu na aina mpya) ya Bloody Slash inayopatikana Fort Haight. Yule Samurai wetu wa hatua ya 2 ana maana baada ya kufanya hivyo. Kabla yake, pointi 15 zimepotea.

Kwa upande wa Strength kuna faida ambayo wageni hawaijui. Ukishika silaha kwa mikono miwili, Strength yako huhesabiwa mara moja na nusu. Upanga unaoitwa Greatsword unataka Strength 31, lakini kwa mikono miwili unatosha kuwa na 21. Vagabond wetu mwenye 38 anahesabiwa kuwa na 57, na akifika 66 anakuwa amefika kilele cha 99. Hakuna sifa nyingine inayokupa punguzo la namna hiyo, na pointi zinazobaki huenda kwenye Vigor.

7. Fanya jaribio la uwanjani.

Namba ya nguvu za shambulio unayoiona kwenye menyu haitoshi. Haionyeshi kasi ya silaha, wala pumzi inayotumika, wala ukweli kwamba silaha yenye madhara ya aina mbili, kwa mfano ya mwili na ya moto, hupunguzwa na ulinzi wa adui mara mbili, kila aina peke yake. Silaha mbili zenye namba moja kwenye menyu zinaweza kutofautiana sana mbele ya adui.

Mtafute adui anayerudi kila unapopumzika kwenye Site of Grace. Majitu ya Stormhill yanafaa sana kwa wahusika wa ngazi za chini. Pigana naye mara tano kwa kila muundo, na kila mara andika mambo matatu: idadi ya mapigo hadi afe, chupa ulizokunywa, za uhai na za FP, na mara ulizopigwa. Namba ya madhara huonekana juu ya mstari wa uhai wa adui. Usimwite farasi wako Torrent, na usiwaite roho wa kukusaidia, isipokuwa umeamua kuwaita kwa kila muundo.

8. Fanya jaribio la bosi, ukijua ukuta wa kila muundo.

Bosi akishashindwa harudi, kwa hiyo ulinganisho wa haki unataka wahusika wawili tofauti mbele ya bosi yule yule. Crucible Knight aliye katika Stormhill Evergaol ni mtihani mzuri wa mapema kwa kuwa ana kasi na hakupi nafasi ya bure, na Tree Sentinel anakufundisha kama silaha yako inamfikia adui mkubwa anayekimbia. Andika uhai uliobaki kwa bosi kila unapokufa. Muundo unaompeleka hadi robo katika majaribio matatu mfululizo ni bora kuliko ule uliomfikisha ukingoni mara moja na mara mbili ukafa mlangoni.

Kisha tazama mbele. Rennala huhimili sana madhara ya kichawi, na mchawi asiye na njia nyingine hukwama kwake. Rock Sling, ingawa ni uchawi, huumiza kwa madhara ya mwili, na iko pale pale ilipo Meteorite Staff. Fire Giant huuvumilia moto. Elden Beast, bosi wa mwisho, huhimili madhara matakatifu na hatoki damu, jambo linalowaumiza waumini wa Faith waliotegemea silaha takatifu pekee, pamoja na wale wa katana za damu. Maadui wa mifupa nao hawana damu ya kutoka. Malenia hujirudishia uhai kila pigo lake linapokufikia, hata ukilizuia kwa ngao, kwa hiyo mwenye ngao nzito aliyeupita mchezo wote kwa utulivu hukutana hapo na hesabu mpya. Godskin Duo hulala usingizi ukiwa na silaha ya kulaza, na kwa pambano lile hiyo ni nafuu kubwa kwa muundo wowote.

Muundo wenye ukuta usiutupe. Andika tu kama una silaha ya akiba ya kuupita, na pointi ngapi zitakwenda kwenye akiba hiyo.

9. Toa hukumu.

Panga matokeo kwa mfuatano huu: makosa uliyoruhusiwa, idadi ya mapigo, chupa, na mwisho kabisa ukubwa wa pigo moja. Nikipima hivyo, Strength ya mikono miwili ndiyo ninayompendekezea mgeni, kwa kuwa inabaki na pointi nyingi za Vigor, na pigo la kuruka la silaha nzito humvunja adui msimamo hata kama hujajua mwendo wake wote. Uchawi unastarehesha katika nusu ya kwanza na hudai uangalifu baadaye, maadui wanapoanza kukukimbilia kwa kasi. Kutoa damu kuna nguvu halisi, lakini beba silaha ya pili. Faith huanza polepole kwa sababu dua nyingi nzuri ziko mbali, kisha hukua na kuwa na jibu kwa karibu kila adui. Miundo inayochanganya Intelligence na Faith kwa pamoja iache kwa mzunguko wako wa pili.

Matatizo yanayojitokeza

Kila muundo unakufa kwa mapigo mawili. Tatizo si muundo. Rudi hatua ya 3, au kubali kwamba umeingia eneo hilo mapema mno.

Madhara ni madogo ingawa sifa ziko juu. Angalia daraja la silaha kwanza, herufi za sifa pili. Kama umeshapita 80 katika sifa ya silaha, kila pointi unayoongeza huzaa kidogo sana, iondoe hapo.

FP inaisha katikati ya pambano. Kabla ya kuongeza Mind, badilisha mgawo wa chupa zako kwenye Site of Grace. Mchawi mwenye chupa nyingi za uhai na moja ya FP anacheza kama mpiga upanga asiye na upanga.

Adui anaukwepa kila uchawi. Maadui wengi hukwepa mara wanapokuona unaanza kuutoa. Subiri wamalize shambulio lao, kisha utoe.

Matokeo yanatofautiana sana kila unapojaribu. Mara nyingi ni kwa sababu umeanza kumzoea adui: muundo uliojaribiwa mwisho utaonekana bora daima. Badilisha mpangilio, uanze na ule uliomaliza nao jana.

Muundo ulikuwa imara, lakini umedhoofika ndani ya Shadow of the Erdtree. Nyongeza hiyo, iliyotoka tarehe 21 Juni 2024 na ambayo huingii kabla ya kuwashinda mabosi Radahn na Mohg, ina kipimo chake cha nguvu kinachoitwa Scadutree Blessing, kinachopandishwa kwa Scadutree Fragment hadi daraja la 20. Bila vipande hivyo, hata mhusika wa ngazi ya 150 huonekana dhaifu. Vikusanye kwanza, uwe na daraja lile lile kwa kila muundo unaoujaribu huko, na usitumie Larval Tear yako kabla ya kufanya hivyo.